Lagi za chuma au titani tupu? Kuchagua baiskeli ya oda ukiishi kwenye upepo wa chumvi

Binamu yangu wa Masasi kanitumia picha mbili na swali la maneno matatu: "Kaka, nichukue ipi?"

Picha ya kwanza ni fremu ya chuma iliyoungwa kwa lagi, vile vikombe vya chuma vinavyopokea mabomba kwenye maungio, buluu ya bahari kabla jua halijapanda, na kila lagi imezungushiwa mstari wa dhahabu mwembamba kama uzi wa kofia ya mkono. Ya pili ni ya titani, madini mepesi kuliko chuma, haijapakwa kitu, kijivu kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Zote mbili ni mifano ya kazi za oda. Fundi anakupima mguu, mkono na kiwiliwili, anakuuliza unaendesha wapi na unapenda kuinama kiasi gani, ndipo anakata mabomba kwa ajili yako peke yako. Fremu tupu ya titani ya namna hiyo kutoka Marekani inapita dola 4,000 bila kutoka jasho, na hapo hujanunua hata pedali. Korosho zilimwendea vizuri, lakini pesa ya namna hiyo hupati mara mbili. Nikamwambia asubiri, hili halijibiwi kwa meseji.

Sisi tunaoendesha Jumapili hapa Mtwara hatuzidi vidole vya mikono. Tunatoka Shangani alfajiri, tunaifuata barabara ya Lindi mpaka Mikindani, kama kilomita 10 hivi, tunaagiza chai ya rangi, halafu tunaanza kazi iliyotutoa kitandani, yaani kuzisema baiskeli za wenzetu. Bahati nzuri aina zote mbili zimo kundini. Ya chuma ni yangu, niliinunua ikiwa imeshatumika, mabomba yake Columbus ya Italia. Ya titani ni ya mhandisi mmoja aliyeletwa huku na mambo ya gesi. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyashika kwa mkono.

Ukiziona kwa mbali

Kwa mbali chuma kinashinda, wala si kwa goli moja. Chuma ni kigumu, kwa hiyo bomba linaweza kuwa jembamba na bado fremu isinepe. Titani ina ugumu wa karibu nusu ya chuma, na uzito wake nao ni zaidi kidogo ya nusu, basi fundi anayetaka fremu isiyoyumba inabidi atumie bomba nene zaidi. Ndiyo maana ya mhandisi, ukiitazama kutoka upande wa pili wa barabara, inaonekana imeshiba. Yangu inaonekana kama mchoro wa kalamu.

Kuna adabu yake ya kuipiga picha baiskeli ya namna hii, na wapenzi wake dunia nzima wanaifuata utadhani ni sheria: upande wa mnyororo uelekee kamera, mnyororo ukae kwenye sproketi kubwa, vali za magurudumu zote zisimame sehemu moja, na maandishi ya tairi yaangukie pale pale penye vali. Nilicheka siku ya kwanza. Sasa ni mimi ninayewasimamisha wenzangu kwenye kuta za mawe ya kale za Mikindani na kuzungusha gurudumu mpaka vali ishuke chini. Picha ikitoka hivyo, jicho halina cha kulikwaza, linakwenda moja kwa moja kwenye fremu: bomba la juu limelala sawa na ardhi au limeteremka? Shingo ya usukani imekaa juu ya fremu moja kwa moja, au imewekewa mnara wa pete kwa sababu mwenyewe hawezi kuinama? Mnara wa pete kwenye baiskeli ya oda ni aibu ya fundi. Ulipimwa wa nini, kama kichwa cha fremu bado ni kifupi kwako?

Picha zote mbili za binamu zilipita hapo. Kwa hiyo ikabidi tusogee karibu.

Ukizisogelea

Lagi si kitu kigeni huku. Itazame Phoenix ya babu, ile yenye breki za vyuma na keria linalobeba gunia la korosho: pale bomba la juu linapokutana na bomba la usukani kuna kikombe cha chuma kilichoyapokea mabomba yote mawili. Hiyo ndiyo lagi. Mabomba yanachomekwa humo, yanapashwa moto, na madini laini zaidi, shaba ya manjano au mchanganyiko wenye fedha, yanayeyushwa yapenye katikati. Bomba lenyewe haliyeyuki. Kilichobadilika kati ya Phoenix na picha ya binamu ni tupa tu. Fundi wa oda hukaa na lagi saa nyingi akiipunguza ukingo mpaka iishie kama jani, akatoboa kidirisha chenye umbo la moyo au tone, akasafisha kila kona ambako madini yalifurika.

Nilimwonyesha picha hiyo jirani yangu mmoja, mchongaji wa mpingo. Baiskeli hazijui, ila mkono wa mtu anaujua. Aliikuza picha kwenye simu, akaacha rangi, akaenda ukingoni. "Hapa kachoka," akasema, akigusa lagi ya chini karibu na pedali. Kweli, mstari wa dhahabu pale ulikuwa umenenepa, umepakwa kufunika ukingo ambao haukupigwa tupa sawasawa. Yeye anaujua mchezo huo. Kuna watu wanauza mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu nyeusi, mgeni anaondoka akidhani kabeba mpingo. Tangu siku hiyo fremu ya lagi naianzia chini, kwenye tundu la pedali, mahali ambapo mnunuzi haangalii na fundi aliyechoka anapajua.

Titani haina pa kujificha, na hapo ndipo ilipoanza kunivuta. Haihitaji rangi, kwa hiyo maungio yote yako uchi. Mabomba yanachomelewa ncha kwa ncha, na uchomeleaji mzuri unaacha mgongo wa vipele vilivyopangana kama sarafu zilizolazwa mstari mmoja, upana ule ule kuzunguka bomba zima. Lakini usiishie kwenye vipele, angalia rangi. Titani ikiwa ya moto inanyonya hewa, na ikinyonya hewa inakuwa kavu, inavunjika bila kuaga. Ndiyo maana huchomelewa ndani ya gesi ya argoni, nje ya bomba na ndani yake pia. Kama gesi ilitosha, mshono unabaki na rangi ya fedha, au unjano hafifu wa majani makavu. Ukiona buluu iliyokolea, zambarau au kijivu cha unga pembeni ya mshono, hewa iliingia. Wapo wanaoipamba titani kwa rangi za upinde kwa umeme, na zinapendeza kweli, ila wanaojiheshimu hupamba katikati ya bomba, mshono wanauacha useme wenyewe. Mtu akikuuzia fremu ya titani iliyopambwa juu ya mshono, mwombe picha za kabla.

Ya mhandisi mshono wake ni fedha tupu. Ya kwenye picha nayo ni safi, isipokuwa sehemu ndogo nyuma, penye daraja la breki, ambako vipele viwili vimepandana. Kasoro ya sura tu.

Chumvi

Sasa tuache picha. Ukiishi Shangani, kusi likivuma, asubuhi unafuta chumvi kwenye kioo cha dirisha. Chumvi hiyo hiyo imelala kwenye baiskeli yako, na mbaya zaidi imeingia ndani ya mabomba kupitia vitundu vya hewa.

Chuma kinaozea ndani. Rangi inaweza kung'aa miaka kumi huku bomba linaliwa kimya kimya, na mabomba ya fremu nzuri si mabomba ya Phoenix. Bomba la Columbus au Reynolds la kiwango cha kawaida cha baiskeli ya mbio lina unene wa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Ufundi wa bomba nene nchani na jembamba katikati Reynolds waliusajili Uingereza mwaka 1897, na ndio unaofanya baiskeli ya chuma iwe nyepesi na hai mguuni. Lakini nusu milimita haina akiba kubwa ya kutu. Dawa yake ni mafuta mazito ya kuzuia kutu, unayamimina ndani ya fremu tupu, unaigeuzageuza yasambae, na unarudia kila mwaka au miwili.

Mimi sikufanya. Mwaka juzi nilitaka kushusha tandiko kidogo, nguzo ikakataa. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, katikati maji ya chumvi: vitu viwili tofauti vinakulana, alumini inavimba unga mweupe, inashika kuliko gundi. Nikaipeleka kwa fundi wa karibu na soko. Alimwaga mafuta ya taa, tukalala nayo. Akamwaga maji ya moto, akazungusha fremu nzima huku nguzo imebanwa kwenye jiliwa, haikusogea hata unywele. Mwisho akakata nguzo juu, akaingiza msumeno wa chuma ndani na kuipasua kwa urefu, pole pole, mistari miwili, asiguse bomba. Siku nzima. Vipande vilipotoka, ule unga mweupe ukamwagika mezani kama unga wa muhogo.

"Fundi, kutu mbaya sana hii," nikamwambia.

"Mjomba, hii haikushikwa na kutu. Imeshikwa na uvivu." Akachota grisi kwa kidole, akanipaka kiganjani.

Titani haishiki kutu kwa maji ya bahari. Hapo hakuna ubishi, na kwa mtu wa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi mjini, hoja hiyo peke yake inaweza kumaliza kikao. Ila nguzo ya alumini inaganda kwenye titani vile vile, na boliti ya titani ikiingizwa kavu kwenye uzi wa titani inang'ata. Inahitaji losheni maalumu ya kuzuia kugandana. Uvivu hauna tiba ya madini.

Kuna njia ya kati ambayo binamu hakuitaja: chuma kisichoshika kutu. Reynolds wana bomba linaloitwa 953, Columbus wana XCr. Linaungwa kwa lagi, linang'arishwa kama kijiko, unapata wembamba wa chuma na nafuu kubwa dhidi ya chumvi. Gharama yake inakaribia titani na kwa fundi ni gumu kulifanyia kazi. Kama ningekuwa na pesa ya kuchezea, ningekwenda huko.

Habari ya "chuma kinachomelewa popote"

Kila mpenda chuma atakuambia hivi: kikikatika porini, mchomeleaji yeyote wa kijijini atakiunga. Niliamini mpaka nilipofikiria nusu milimita. Wachomeleaji wetu wengi wanatumia umeme na fimbo, wanatengeneza mageti na nondo za madirisha. Fimbo ile ikigusa bomba la milimita 0.5 inatoboa tundu la kupitisha kidole. Anayefaa ni wa gesi, yule wa mabomba ya moshi na rejeta, naye umwambie alehemu kwa shaba ya manjano kwa moto mdogo, asiyeyushe bomba. Yupo, ila si kila njia panda. Kwa hiyo alama hii chuma kinaipata, lakini nusu tu. Titani inapata sifuri: ikipasuka, inarudi ilikotoka kwa ndege.

Kaboni nitaitaja kwa sababu wataniuliza. Ni nyepesi, inakimbia, na fremu za oda za kaboni zipo. Lakini kwa macho yangu zote zimetoka tumbo moja, na chumvi ikikaa kati ya kaboni na boliti ya alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Kwenye kukaa juu ya paa la basi la Masasi chini ya gunia la muhogo, sitasema zaidi.

Vifaa: hapa ndipo pesa inapopotelea

Picha ya titani imevalishwa gia za umeme za Shimano, Dura-Ace, daraja lao la juu. Tangu toleo la 2021 Dura-Ace haina tena gia za waya, ni umeme tu. Inabadilisha kwa sauti ndogo kama ya saa, na mhandisi anaisifu. Chaji si tatizo, anachaji mara chache. Tatizo ni siku kitu kimoja kikifa: hapa hakuna duka utakalopata mwenzake. Picha ya chuma ina gia za Campagnolo za waya, za fedha inayong'aa, na ukiuliza macho yangu hakuna kifaa kinachoikaa fremu ya lagi kama Campagnolo ya Vicenza. Vipuri vyake navyo vya kuagiza. Lakini waya wenyewe ukikatika unahangaika nao, hauhangaiki na kompyuta. Gia za waya za Shimano ni rahisi zaidi: ule waya wa gia wa baiskeli za milima za bei ya kawaida, unaouzwa kila duka la vipuri, unaingia.

Breki za diski za titani ile zina mafuta ya madini, huku hayauzwi. SRAM, washindani wa Shimano, wao kwenye breki za barabarani wanatumia mafuta ya DOT, yale yale ya gari na pikipiki, kopo lipo kila kona. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba tone moja likidondokea rangi ya buluu yenye mstari wa dhahabu, linaila. Kwenye titani tupu unafuta na kitambaa. Na usithubutu kumimina mafuta ya aina moja kwenye breki ya aina nyingine, mipira ya ndani itavimba.

Kingine kwenye ile titani: nyaya na mabomba ya breki yote yamefichwa, yanapita ndani ya beringi za usukani. Picha inapendeza, hakuna kamba inayoning'inia. Lakini beringi ya usukani ndiyo inayokunywa jasho na chumvi kwanza. Kuibadilisha kwenye mfumo huo ni kufungua breki nzima na kuijaza mafuta upya. Hiyo ningeikataa hata kama naletewa bure. Nyaya nje.

Magurudumu. Hapa naomba binamu asome taratibu. Matairi ya Phoenix yameandikwa 28, na baadhi ya matairi ya baiskeli za kisasa nayo yameandikwa 28, lakini si mamoja. La Phoenix linakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, la kisasa kwenye 622. Milimita 13. Mwenzetu mmoja alipasukiwa tairi safarini akanunua 28 ya dukani, likaingia kirahisi mno, akafurahi. Alipojaza upepo, tairi likapanda juu ya ukingo wa rimu, tyubu ikatoka ubavuni kama ulimi, ikapasuka kwa mshindo uliowatoa kuku barazani. Alirudi na bodaboda.

Saizi inayopatikana kila duka kusini ni 26 ya baiskeli za milima, yenye 559. Baadhi ya waendao safari ndefu huagiza fremu ya oda kwa gurudumu hilo makusudi. Kwa mtu mfupi inakaa vizuri. Kwa mrefu kama binamu itaonekana kama kapanda ya mtoto, hakuna lagi itakayoiokoa. Basi achukue 622, afunge matairi mapana kadiri fremu inavyoruhusu, na abebe la akiba lililokunjwa. Spoku 32 au 36 za kawaida zenye kichwa kilichopinda, si zile bapa zinazotengenezwa na kampuni moja tu.

Hapa ndipo ningemwaga pesa: habu, kitovu cha gurudumu. Za kampuni ya Chris King au Phil Wood. Beringi za Chris King zinafunguka na kupakwa grisi. Sauti ya Chris King ikiserereka ni ya nyuki. Na kama njia zako ni mchanga wa Msimbati, fikiria Rohloff ya Ujerumani: gia 14 zote zimefungiwa ndani ya habu, unabadilisha mafuta kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Ni nzito, na hainyoshi sura ya baiskeli, lakini mchanga haiujui.

Tandiko la ngozi la Brooks linaipendezesha kila fremu. Masika linaota ukungu. Futa.

Nilichomjibu

Masasi iko mbali na bahari, kutoka hapa kama kilomita 200. Chumvi ya upepo haimfikii, anachokutana nacho ni vumbi, matope ya masika na milima ya kupandia Newala. Kwa hiyo nilimwambia achukue ya chuma. Amwandikie fundi kuhusu ile lagi ya chini, kwa upole, aulize kama mstari wa dhahabu unaficha kitu. Kama anaiona kasoro, lagi ya binamu aipige tupa sawasawa kabla ya kupaka rangi. Kama hataki kujibu, hilo nalo ni jibu. Beringi za tundu la pedali zifungwe kwa uzi kama skrubu, si kubamizwa, kwa sababu za kubamizwa huanza kulia kama kitanda cha kamba. Campagnolo ibaki, nimeshindwa kumkatalia. Ndani ya mabomba amimine mafuta ya kutu hata kama Masasi hakuna chumvi, maana Idi anakuja kwetu nayo.

Mimi ningekuwa nanunua upya, hapa nilipo, ningechukua titani yenye nyaya za nje, gia za waya, habu nzuri, na losheni ya kutosha. Moyo hautaki. Mkono uliokaa siku nzima na msumeno ndani ya bomba unataka.

Amejibu leo asubuhi. Anapimwa mguu Jumamosi, na anauliza kama ule mstari wa dhahabu unaweza kuwa mwekundu.